Sentensi ya Boke

Mimi Matiko niliwahi kumsahihisha mtoto aliyekuwa amepatia. Usiniambie eti hayo yamepita. Yangekuwa yamepita nisingekuwa nakusimulia.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, nafundisha Kiingereza darasa la sita, shule ya Mwisenge, mjini. Mkaguzi, Bwana Felisian, alikuja kunipima. Nikimpendeza, naenda chuoni Dar. Basi nikachagua somo nililokuwaga nalipenda: maneno ya Kiingereza ambayo ni jina la kitu, na hayohayo ni tendo. Nikaandika ubaoni "milk". Milk ni maziwa, nikawaambia, na milk hiyohiyo ni kukamua. Mkaguzi akaandika kitu, anatabasamu.

Mara mlangoni akasimama Tata, baba yangu mzazi. Shuka begani, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, kibuyu kwapani. Siku mbili kwa miguu kutoka kijijini kwetu Buswahili! Mjukuu wa ng'ombe aliyenitengea nilipozaliwa alikuwa amezaa, na nyumbani kwetu maziwa ya kwanza ya ng'ombe huyo hanywi mtu mpaka mwenyewe apewe na baba yake.

"Nani huyu?" mkaguzi akauliza.

Loo, ulimi wangu huu! "Ni mzee anayetuletea maziwa," nikasema. "Mzee, subiri nje."

Tata Kiswahili anakisikia vizuri tu. Akaenda kusimama nje, karibu na dirisha.

Mkaguzi akataka sentensi, milk ikiwa tendo. Boke akanyoosha mkono. Huyo naye ni wa Buswahili, anakaa mjini kwa shangazi yake, na Tata alimjua. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba baba yake mwalimu amemkamulia mwalimu ng'ombe.

"Safi!" mkaguzi akacheka. "Ni kweli, mwalimu?"

"Amekosea," nikasema. "Kaa chini, Boke."

Akakaa. Nami nikaendelea na somo, mpumbavu mimi.

Kipindi kilipokwisha, mkaguzi akatoka nje akaomba maziwa. Tata akanitazama. Namjua, alikuwa ananipa nafasi. Nikaangalia viatu vyangu. Wanasema mkataa kwao mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye tai. Basi Tata akamimina kikombeni, akampa mgeni kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba. Mimi ndiyo kazi yangu, kuleta maziwa."

Mkaguzi akanywa, akaongezwa, akasifu. Chuo nilikipata. Tata akabeba kibuyu kitupu akaondoka, na sikumfuata kwa sababu mkaguzi alikuwa bado anazungumza.

Niliporudi darasani, Boke alikuwa amefungua daftari alimoiandika sentensi yake, raba mkononi.

"Mwalimu, nirekebishe wapi?"

Nilisoma ile sentensi mara tatu.

"Iache hivyohivyo," nikamwambia. Hata alama ya vema sikumwekea.