Jina Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Msimamizi wa tasnifu yangu alizungushia aya moja kalamu nyekundu, ukurasa wa arobaini na moja, akaandika pembeni: "Haya si maneno yako. Ni ya nani?" Zilibaki siku nne nikabidhi kazi.

Nilirudi kwenye daftari langu la utafiti. Aya ilikuwemo, kwa mwandiko wangu, bila kuonyesha nilikoitoa. Ndipo nikakumbuka: mwaka jana, kule Mchinga, nilinakili kurasa za daftari la Bwana Alfonsi, bwana shamba mstaafu, nikachanganya maelezo yake na niliyoyaona mwenyewe. Happiness, ninayepanga naye chumba Mitwero, alinishauri nibadilishe maneno mawili matatu, yaishe. Nilijaribu. Wazo likabaki la mtu mwingine, na mimi nikazidi kuona haya.

Kesho yake nilikwenda Mchinga. Nilimweleza Bwana Alfonsi huku nikitazama viatu vyangu, nikamwomba radhi. Hakukasirika. Alifungua daftari lake, akaisoma aya ile mara mbili, kisha naye akainamisha macho. Akasema hata yeye maneno hayo aliyasikia kwa jirani yake, Bi Hamida, akayaandika bila kumtaja.

Tukaenda wote wawili. Bi Hamida alikuwa barazani anabangua korosho. Nilimwamkia, nikamsomea: mikorosho iliyopogolewa matawi haishikwi sana na ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua.

Aliacha kubangua. "Alfonsi, nusu umeiandika, nusu umeila na korosho zangu?" Kisha akanigeukia. "Kupogoa peke yake hakutoshi, mwanangu. Nilimwambia nayatoa na machipukizi ya ndani ya mti, kabla maua hayajaanza. Ugonjwa unajificha humo."

Bwana Alfonsi alicheka kwa aibu. Mimi sikuweza. Nilikuwa karibu kukabidhi nusu ya jambo, tena kwa jina langu.

Niliandika upya palepale, nikamsomea Bi Hamida mpaka akaridhika. Nilipomuuliza kama nimtaje, alinipa jina lote, la baba na la babu, akataka na tarehe ya siku ile iwepo.

Nilimtumia msimamizi aya mpya, akajibu jioni. Hilo la machipukizi hakuwahi kulisoma popote. Niongeze sehemu nzima, naye ataniombea chuoni wiki mbili zaidi.

Nikampigia Bi Hamida. Akasema nije Jumatatu, na nguo za shamba.