Sufuria Kubwa ya Bi Hajira

Mstari wa kipato cha Wilaya ya Kisarawe ulikuwa umejikokota chini ya mchoro mwaka baada ya mwaka, kisha safari hii ukaruka kama umekanyaga kaa la moto. Efrazia, mkuu wa kitengo cha takwimu pale Kibaha, aliutazama kwenye kompyuta akacheka.

“Lusajo, Kisarawe wamechimba dhahabu bila kutuambia?”

“Hesabu ni sahihi, dada. Nimeirudia.”

“Sijakuuliza hesabu. Nakuuliza watu.”

Lusajo alinuna. Alitoka Tukuyu na jina la kijana asiyekosea, na jina hilo ndilo pekee lililomsindikiza hadi Kibaha. Kazi yenyewe aliijua kama kiganja chake: chukua kipato cha kila kaya, kigawe kwa wanaokula chungu kimoja, wapange foleni toka mwenye kidogo hadi mwenye kingi, mtazame anayesimama katikati. Huyo ndiye anayeonyesha wilaya inaishije. Kaya zilezile hurudiwa kila awamu, ionekane nani kasogea.

Alipozipitia moja moja, akakuta waliosogea wengi ni wa kitongoji kimoja cha Mzenga. Mbele yao wote alikuwa Hajira, mjane. Awamu zote za nyuma kaya yake iliandikwa watu sita. Safari hii karani mpya ameandika mmoja. Mihogo ileile, korosho zilezile, lakini wa kugawana hawapo.

“Ama huyu mpya amekosea, ama wote waliomtangulia,” alisema Efrazia. “Nenda kaulize. Bila hivyo ripoti haitoki.”

Lusajo alimkuta Bi Hajira jikoni, anasonga ugali kwenye sufuria ambayo ingelisha msiba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa na yule binti aliyeniua?”

“Amekuua vipi tena?”

“Aliniuliza nani kalala hapa mwaka huu, kisha akaandika niko peke yangu. Peke yangu! Mimi niliyezaa watano!”

Lusajo akaketi kwenye kigoda, akauliza kama alivyofundishwa: wanaokula chungu kimoja hapa ni nani? Bi Hajira aliwataja kwa kujigamba, akianza na Khalfani, kifungua mimba, akimaliza na Mwanaasha. Kila jina liligonga ukuta wa jiko likarudi.

“Khalfani alikula hapa lini mara ya mwisho?”

“Anakuja.”

“Lini, mama?”

Mwiko ulisimama. “Tulipomzika baba yake.”

“Na Mwanaasha?”

“Wewe mtoto una roho ngumu! Unataka niwafute wanangu kwa mdomo wangu mwenyewe?” Alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. “Wale wa zamani walikuwa na adabu. Nikiwatajia, wanaandika. Unaona sufuria hii? Ndogo ipo, nimeifungia ndani. Siku nikipikia ile, nimekubali.”

“Na huu ugali unaobaki?”

“Kuku wa jirani wamenenepa.”

Alicheka mwenyewe, kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Lusajo angeweza kuandika sita na kuondoka. Mstari ungelala chini kama zamani, Efrazia angeridhika, na mama huyu angebaki na watoto wake. Lakini ungekuwa uongo, na kwa uongo huo hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua kwamba kitongoji kimehama.

“Mama,” alisema, “nikiandika sita, huko ofisini watadhani huna upweke.”

Bi Hajira alizivuta kuni nje ya moto.

“Andika mmoja,” alisema. “Ila usinisomee. Na ule kwanza.”

Akala. Akaongezewa, akala tena. Nyumba alizopitia baadaye zilikuwa vivyo hivyo: majina mengi, mkeka mmoja.

Kibaha alirudi na jibu. Karani mpya alikuwa sahihi.

“Kwa hiyo wametajirika kweli?” aliuliza Efrazia.

“Wamebaki wachache. Awamu za nyuma nazo tuzirekebishe, huko ndiko kwenye kosa. Na chini ya mstari wa kipato uwekwe wa pili, wa watu waliobaki ndani ya kaya. Huu unapanda, ule unashuka. Mmoja bila mwingine, jina langu liondoke kwenye ripoti.”

“Makali yote hayo ya nini? Weka.”

Jioni, kwenye chumba chake cha kupanga, Lusajo alibandika wali wa mtu mmoja. Ukachemka upesi kwenye kisufuria. Akachukua simu, akampigia mama yake Tukuyu. Walisalimiana, wakaulizana mvua.

“Mama, leo umepikia sufuria ipi?”

“Ile kubwa, baba. Kwani kuna nyingine?”

 Kule upande wa pili Lusajo akasikia mfuniko ukirudishwa, na mtu mmoja akivuta kigoda.