Aliyeitwa Kushika Kitabu

Katika darasa la nne, kuitwa mbele kushika kitabu ilikuwa balaa, na asiyelijua hilo alikuwa mwalimu peke yake.

Yeye alijiona anatenda wema, na nia yake ilikuwa safi, tusimnyime haki yake. Mtoto akipatwa na jambo nyumbani, mwalimu alitafuta kabatini hadithi inayofanana nalo, kisha Ijumaa asubuhi akamwita akae naye mbele, ashike kitabu na kufungua kurasa huku yeye akisoma. Aliyefiwa na bibi alishika hadithi ya kobe mzee. Aliyepata mdogo wake akaanza kupigana na kila mtu alishika ile ya chura. Shida ya mtu haikutajwa kamwe. Lakini watoto si wajinga. Walishajua kwamba ukiitwa, kwenu kumeharibika, na kilichobaki ni kutazama jalada wajue ni kitu gani.

Ijumaa hiyo akaitwa Sisimizi.

Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa alikuwa mdogo na akiuma anauma kweli. Baba mwenyewe alikuwa safarini kikazi. Ndivyo mama alivyosema, na Sisimizi hakuwa na sababu ya kutomwamini mama yake. Alikwenda mbele akijiuliza nani kafa. Kisha akaona jalada: bata dume kwenye bwawa moja, bata jike kwenye bwawa jingine, vifaranga katikati.

Mwalimu akasoma. Baba Bata alihamia bwawa la pili. Hakuna aliyekosa, kilisema kitabu. Vifaranga wakawa na mabwawa mawili badala ya moja, wakacheka wote.

"Kumbe baba yake kahama," mtu akanong'ona nyuma, na darasani kunong'ona ni sawa na kutangaza.

Sisimizi hakufungua ukurasa uliofuata.

"Fungua, mwanangu," mwalimu akasema taratibu.

"Nani kakwambia?"

Mwalimu akashtuka. "Kwani mama hajaongea na wewe? Alinikuta getini juzi, akaniomba nikuandae..." Alikuwa amejikwaa ulimi, na alijua.

"Bata hawacheki," Sisimizi akasema. Akakifunga kitabu, akatoka nacho, na alipoitwa hakugeuka.

Njia nzima alitembea akiwaka. Mwalimu alijua. Sasa darasa zima linajua, hadi yule wa dawati la mwisho asiyejua hata siku ya mtihani. Mwenye baba ndiye wa mwisho kuambiwa, tena kaambiwa na bata! Watu wazima wana tabia mbaya hiyo: jambo likiwa zito humtafuta wa kulibeba, wakampata mnyama wa kwenye picha.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, kwenye chumba chenye mlango unaofunguka barabarani. Alikuwa anapinda sketi, pini mdomoni. Alipokiona kitabu hakuuliza kwa nini mtoto katoka shule saa hizo.

"Mwalimu ameshakusomea?"

Swali hilo ndilo lililomtia Sisimizi wazimu. Basi alikuwa amekaa hapa anashona, akingoja mtu mwingine ammalizie kazi yake.

"Sikusikia vizuri. Nisomee wewe."

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja. "Njoo kwanza unywe maji."

"Nisomee."

Mama akakipokea kitabu. "Baba Bata aliishi bwawani na..."

"Si bata," Sisimizi akasema. "Sema baba."

"Mwanangu, sikutaka uumie."

"Nimeumia mbele ya watu."

Mama akakiweka kitabu juu ya sketi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikakosa. "Baba yako hayuko safarini," akasema. "Amepanga chumba kule nyuma ya soko. Tumeshindwana, mimi na yeye, muda mrefu sasa. Hatarudi kukaa na sisi. Utakuwa unakwenda kumwona."

Hapo Sisimizi akalia, kilio cha hasira, huku akiupiga mguu wa cherehani teke baada ya teke mpaka kidole kikamuuma. Mama hakumzuia.

"Hakuniaga," akasema alipopata pumzi.

"Alikuaga. Aliingia chumbani ukiwa umelala, akakaa kitandani kwako muda mrefu."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Kwa nini hukuniamsha?"

Mama angeweza kusema ilikuwa usiku. Angeweza kusema kesho yake kulikuwa na shule.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa utamshika nguo, na yeye atabaki, na mimi sikutaka abaki."

Sisimizi alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kumtazama nayo mtu yeyote. Kisha akakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akamwambia aendelee kusema.