Jina Lisilo Sketi Wala Suruali

Cheche, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba alipomwambia mumewe kwamba jina la mtoto ameshalipata. Hakusema akiwa wa kiume hili, akiwa wa kike lile. Ni Faraja, basi, yeyote atakayekuja. Mumewe, muuguzi wa wodi ya majeruhi, mtu mpole asiye na makuu, alilirudia jina mara mbili taratibu kama anayeonja mchuzi, akasema linafaa.

Cheche alikuwa na sababu yake. Alipomaliza chuo cha ufundi, akiwa na alama za juu kuliko darasa zima, alipeleka maombi ya kazi kwenye kiwanda kimoja cha matangi ya maji. Akasubiri wiki, akasubiri miezi, kimya. Mwanafunzi mwenzake, yule aliyekuwa akinakili mazoezi yake, aliitwa na akaajiriwa. Baadaye sana dada aliyekuwa akifanya usafi pale alimsimulia jinsi bosi alivyochagua watu. Alisoma majina yaliyokuwa nyuma ya bahasha tu. Ya kiume yalibaki mezani, ya kike yalitupwa kwenye boksi chini ya ngazi, hata gundi haikubanduliwa. Cheche hakulia. Alifungua karakana yake mwenyewe, akafanya kazi mpaka watu wakaacha kumshangaa. Lakini ile bahasha ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ukweni nako walikuwa na lao. Jina la marehemu baba mkwe liliwekwa akiba tangu siku ya arusi, likimsubiri mjukuu wa kiume. Cheche aliwahi kumuuliza mama mkwe, kwa adabu zote, akija wa kike ataitwaje. Mama mkwe alimjibu kwamba hilo wataliona akishafika. Jibu lile lilimchoma. Yaani mvulana ambaye hata hayupo ana jina lake tayari, na msichana ataonwa akifika, kama mgeni aliyekosea mlango!

Akafika wa kike. Kilo tatu na robo, na sauti ya kuamsha majirani. Ndugu wakaja na pongezi za nusu mdomo. Shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa msimamizi wa ghala aliyezoea kuamua la kufanywa hata nyumbani kwa watu. Aliposikia jina alicheka.

"Jina gani hili, halina sketi wala suruali? Watu watamjuaje ni nani?"

"Watamuuliza, shemeji," Cheche alisema. "Au wangoje waione kazi yake."

Shemeji akamgeukia mdogo wake na kuendelea na maongezi mengine, kana kwamba aliyejibu ni ukuta.

Wiki ya tatu akarudi na bahasha na tabasamu pana. Alisema amewapunguzia adha ya kupanga foleni, maana ana rafiki yake kwenye ofisi ya usajili. Cheche akaifungua. Ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, kimepigwa muhuri, na kwenye nafasi ya jina la mtoto pameandikwa Waridi.

Alisoma mara mbili. Kisha akamtazama mumewe, kwa sababu karatasi ya hospitali, ambayo bila hiyo hakuna cheti, ilikuwa kwenye droo yao chumbani.

"Nilimpa mimi," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia jina ni Faraja. Nilidhani anatusaidia tu."

"Na nimewasaidia," shemeji akadakia. "Nimempa mtoto jina linaloeleweka. Iko siku mtanishukuru."

Waridi halikuwa jina baya. Kwa mtoto wa mtu mwingine Cheche angelisifu. Kilichompandisha mori ni ule wepesi wa jambo lenyewe, mtu kuingia ndani ya maisha ya mwanawe na kuondoka na jina kama anayeazima nyundo, tena bila kuomba. Mama mkwe alimsihi aliache lipite, kwa ajili ya amani ya nyumba. Cheche akajiuliza moyoni ni amani ya nani hiyo, maana yeye hakuwa nayo.

"Mtoto huyu nimembeba miezi tisa nimesimama mbele ya moto," alisema, bila kupaza sauti. "Hiyo foleni hakuna aliyekuja kunipangia." Akamgeukia mumewe. "Kesho tunakwenda wote wawili. Usipokuja nitakwenda peke yangu, ila sitasahau."

Alikwenda naye. Karani wa usajili, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia puani, aliwasikiliza huku akimtazama baba peke yake. Alimuuliza kama ameridhika kweli na jina hilo, kwani shuleni walimu watachanganyikiwa. Cheche akaweka kidole kwenye cheti.

"Hapa pameandikwa jinsia. Anayetaka kujua asome hapa. Jina ni la kumwitia."

Karani akasema afisa hayupo, warudi wiki ijayo. Walirudi, afisa hayupo. Walirudi tena, na safari hii Cheche alitandika shuka kwenye benchi, akampakata mtoto na kuanza kumnyonyesha, akatangaza kwamba hatoki mpaka afisa apatikane. Karani alianza kufoka kuhusu utaratibu. Hapo mumewe, ambaye tangu waoane hakuwahi kumsikia akigomba, akainamia dirisha.

"Utaratibu unadai saini ya mzazi. Tuonyeshe hiyo saini."

Karani alifunua daftari, akafunua tena, kama anayetumaini ukurasa utabadilika. Penye nafasi ya baba mzazi palikuwa na saini ya shemeji. Ghafla mlango wa ndani ukafunguliwa na afisa ambaye hayupo akatokea, kikombe cha chai mkononi. Kabla ya adhuhuri walikuwa na cheti kipya.

Shemeji alinuna, na mpaka leo akija, mara chache anazokuja, humwita mtoto Waridi. Cheche huendelea na shughuli zake kama ambaye hajasikia mtu akiitwa. Kwa mumewe hasira ilichukua muda kupoa. Alimsamehe, lakini alihamishia karatasi zote za mtoto kwenye sanduku la kufuli, na ufunguo akakaa nao.

Mama mkwe ndiye aliyemshangaza. Siku moja, wakikunja nguo za mtoto, alisema bila kuinua macho, "Mimi nilizaa watano. Sikuulizwa jina hata la mmoja."

Cheche alihisi hasira ikimpanda upya, sasa kwa niaba ya mwanamke yule aliyemkasirikia mwaka mzima. Akamsogezea upande wake nusu ya nguo zilizobaki, wakaendelea kukunja.

Mtoto alipofikisha miezi mitano alishikwa na kikohozi, Cheche akampeleka hospitali. Kwenye dirisha la dawa mhudumu aliita, "Faraja!" Cheche akainuka. Kwenye benchi la nyuma akainuka pia mzee mmoja mrefu, mguu wake umefungwa bandeji. Wakatazamana.

"Na wewe ni Faraja?" mzee akauliza.

"Ni huyu."

Mzee akamwinamia mtoto, akamchunguza kwa makini kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Aliuliza ana miezi mingapi, kisha akampisha atangulie kuchukua dawa.