Herufi E Iliyopungua

Nilikuwa nimeshapandisha herufi za plastiki K, I na N kwenye ubao ulio mbele ya shule, naisukuma G kwa ule mti mrefu wenye kikombe cha mpira cha kunasia herufi kwenye ncha, Mwalimu Renatha Gilliam alipotoka bila koti akaja kusimama chini ya ubao wa matangazo.

"Wameifuta, Verlon."

Sikuuliza nini. Kwa wiki sita alikuwa akiandaa jambo moja na darasa lake la tatu. Hakupenda Siku ya King, Jumatatu ya kumkumbuka mtetezi wa haki za watu weusi, iwe siku ya watoto kulala na kutazama televisheni. Alitaka waje shule Jumatatu. Wilaya ikakataa, sikukuu ni sikukuu. Akaomba saa moja ya Ijumaa, akapewa nusu. Katika nusu saa hiyo shangazi yangu Ozella, mwenye miaka sabini na sita, angewasimulia watoto jinsi alivyofungwa siku nne kwa kuandamana, akiwa na miaka kumi na mitano. Shule hii ilikuwa ya Wazungu wakati huo. Shangazi hajawahi kuikanyaga. Gauni lake la buluu limepigwa pasi tangu Jumapili, na Ijumaa ni kesho.

Mwalimu alinieleza kwamba mzazi mmoja alimpigia simu mkuu wa shule, Bwana Pruitt, akiuliza kwa nini asemwe King peke yake. Kalenda ya jimbo letu la Alabama inaweka wawili Jumatatu hiyo: King, na Jenerali Lee, aliyepigana ili watu wetu wabaki watumwa. Bwana Pruitt hakutaka ugomvi. Akasema wote wawili au hakuna, na kwa Lee hapakuwa na mzungumzaji.

"Ningewapa picha ya King wapake rangi, nani angepiga simu?" Mwalimu alisema. "Nimekosea kumleta mtu aliye hai."

Bwana Pruitt mwenyewe akatoka na mkoba wake, anaelekea kwenye gari. Alitazama juu, akauliza jina la pili liko wapi. Nikamwambia Lee ana E mbili, na mimi nimebakiwa na moja.

"Si huwa unageuza tatu?"

Ni kweli. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikigeuza 3 ikawa E, na hata yeye anajua. Nikajibu kwamba tarakimu ziko stoo ya juu.

"Basi shusha King mpaka wote wawe tayari," alisema kwa upole. "Sitaki simu nyingine, Verlon."

Si mtu mbaya. Mke wangu alipolazwa alinipa wiki mbili bila kudai karatasi yoyote. Nadhani ndiyo maana iliniudhi hivyo. Nilishika ule mti mpaka gari lake likatokomea, kisha nikampigia Shangazi, nikamweleza yote.

 Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mayai, saa nne kesho watoto wa Mwalimu watakuwa wapi. Mwalimu alikuwa amesogea karibu, akasikia.

"Nje, mapumziko," alisema, akionyesha majani yaliyokuwa kati yetu na barabara. "Hapa hapa."

"Basi nitapita kumwona mpwa wangu," Shangazi alisema. "Nione kama kweli hiyo kazi anaifanya, au amekuwa akinidanganya miaka yote hii."

"Umebakiwa na jina gani huko juu ubaoni?" Shangazi akaongeza.

"King tu."

"Liko imara?"

"K ina ufa, Shangazi."

"Hata mimi nina ufa."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akarudi ndani. Hakuna kilichorekebishwa. Watoto ishirini na wawili waliandika maswali yao, na hakuna chumba watakamoyauliza.

Nilirudisha mti stoo. Kazi zangu nazifuata kwa mpangilio ule ule kila siku: kwanza milango, kisha mashine ya joto, vyoo vya chini, vyoo vya juu, sakafu ya ukumbi wa chakula baada ya kifungua kinywa, halafu mapipa. Ubao huja mwisho. Kesho, hata nikiharakisha, sioni nitaufikiaje kumshusha King kabla ya saa tano.