Binti Aliyeshuka na Vani ya Daktari wa Meno

Jumamosi saa tisa alasiri Mzee Spana alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, akikaza nati za ekseli ya mbele, aliposikia mngurumo langoni mwa karakana. Hakuhitaji kuchungulia. Vani alizozitengeneza kwa mikono yake alizijua kwa sauti, kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani.

Ilikuwa vani ya daktari wa meno, imerudi kutoka milimani ikiwa na matope hadi kwenye vioo.

"Mzee, inapanda kama mbuzi!" daktari alisema akishuka. "Tumelala juu kabisa, mawingu yako chini yetu. Breki tu zinalia kidogo. Na binti yako yuko nyuma."

Mzee Spana alifuta mikono, akafungua mlango wa ubavuni. Binti yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo la miezi tisa. Alikuwa amefariki masika yaliyopita, miezi saba sasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njia ilikuwaje?"

"Ile ile."

Mke wa daktari, akishuka upande wa pili, alisema si neno, ila godoro limeingia matope na kitambaa chenyewe ni cheupe.

Kazi ya Mzee Spana ilikuwa kuchukua vani ya kawaida na kuifanya ivute kwa magurudumu yote manne. Aliinyanyua tumbo, akaifungia giaboksi ya pili. Kisha seremala akaweka kitanda, jiko na sinki, na dirisha la kutazamia nyota. Watu walingoja mwaka mzima ili waipate. Yeye hakuwahi kulala ndani ya hata moja, lakini aliipenda ile nukta ambapo tairi za mbele zinang'ata udongo na gari zima linaamka. Hapo alicheka peke yake kama mtoto.

Binti yake alikuwa mwalimu huko huko milimani. Siku uchungu ulipomshika, mvua ilikuwa ya siku tatu, na gari la wagonjwa lilizama matopeni kabla ya daraja. Alimpigia baba yake saa nne asubuhi. Karakanani palikuwa na vani ya daktari, imekamilika, inangoja mwenyewe. Mzee Spana alimwomba mwenye karakana. Mwenye karakana akasema mali ya mteja haiguswi bila ruhusa ya mteja. Simu ya mteja haikupatikana. Mzee Spana alisimama kando ya ile vani, funguo mkononi, akaendelea kupiga simu hadi saa kumi, binti yake alipoacha kupokea simu zake.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinipigia siku ile?" daktari alisema sasa. "Ah, mzee wangu! Ungelichukua tu. Hata leo, chukua, mpeleke hospitali."

Wakaenda. Muuguzi alilisikiliza tumbo kwa makini, akasema anasikia mvua. Karani alifunua daftari la masika, akateremsha kidole.

"Huyu tulimwandika kwamba hakufika."

"Amefika," Mzee Spana alisema.

"Naona, mzee. Lakini mmechelewa." Akawaonyesha njia ya kutokea, kwa adabu, maana nyuma yao kulikuwa na foleni.

Nyumbani, mama alimkalisha binti kitini. Alichemsha maji, akapiga magoti kuosha miguu ya binti yake. Alibadilisha maji ya beseni mara tatu na matope hayakwisha. Ndipo alipoinua macho, akatazama gari lililokuwa uani.

"Gari hili lilikuwa wapi siku ile?"

"Karakanani," mumewe alijibu.

"Lilikuwa bovu?"

"Hapana."

Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kuosha. Tangu hapo alimwita mumewe "mzee," kama wateja wanavyomwita.

Jumapili asubuhi binti alisema hawezi kukaa. Kule juu wako wengi, na wanashuka kwa zamu. Wapiga picha wawili walikuwa wakipanda na vani mpya, wakakubali kumpa nafasi. Langoni mwa karakana aliipapasa ile ya daktari wa meno, kama mtu anavyopapasa shingo ya ng'ombe mpole.

"Inapanda vizuri sana, baba. Haikuteleza hata mara moja."

"Najua, mwanangu," Mzee Spana alisema. "Nilikuwa nimeijaribu siku mbili kabla ya siku ile."

Binti akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Baada ya hapo karibu kila vani iliyotoka milimani ilileta mwanamke mmoja, wakati mwingine wawili, mikono viunoni. Wateja walizoea. Mwenye karakana aliagiza mikeka ya mpira isiyoshika uchafu, na foronya za rangi ya udongo. Watu wa serikali walikuja kuipima barabara ya milimani kwa mara ya nne, wakapigilia vigingi, wakaondoka.

Mzee Spana naye, bila kuagizwa na mtu, alianza kufunga kishikio cha chuma kando ya kila kitanda, kimo cha mkono wa mtu aliyeketi, kwa sababu njia ya kushukia ina mashimo mengi.