Shahidi Asiye Ndugu

Binti alimfunga baba yake zipu ya suruali ndani ya choo cha wanaume, uso wake ameugeuzia ukutani. Mtu mmoja aliyeingia kunawa mikono aliwaona, akaguna, akatoka bila kunawa. Baba alitaka kusema pole. Neno lilikwama kwenye ulimi ambao siku hizi ulilala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine, na badala ya pole yakatoka mate. Binti akayafuta kwa kitambaa alichokuwa amekining'iniza begani, akamweka sawa vifungo vya shati, akamwambia, "Twende baba, wasije wakatuita tukiwa huku."

Baba alikuwa karani wa masjala katika hospitali ya wilaya kwa miaka ishirini na sita. Watu walimbandika jina la Mzee Kesho, maana ukifika dirishani kwake, dirisha la pili, hakukutazama, alipekua makaratasi, akalamba kidole, akasema, "Njoo kesho." Jina hilo alilijua na lilimchekesha. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania nalo akimwomba hela ya matumizi.

Sasa ugonjwa ulikuwa umemgeuza yeye kuwa wa kungoja. Ulianzia kwenye mkono wa kulia: mhuri ulimponyoka, akadhani ni uchovu. Wakamtibu presha. Wakamtibu kiharusi ambacho hakuwa nacho. Wakamkanda bega miezi mitano. Bingwa wa mishipa ya fahamu alipokuja kumwona na kuutaja ugonjwa kwa herufi zake tatu, ALS, ule unaoua misuli mmoja mmoja mpaka pumzi, mzee alikuwa ameshastaafishwa, anashikwa kiunoni kupanda ngazi. Bingwa alisema dawa ya kuponya haijapatikana, akaangalia saa yake, akaita mwingine.

Ni binti aliyetafuta kwenye simu usiku na mchana. Majaribio mengi ya dawa yalikuwa ng'ambo, kwa watu wenye pasi za kusafiria na bahati zao. Halafu likatokea moja, hapahapa, kwenye hospitali kuu. Masharti yalikuwa yameandikwa wazi: pumzi iwe bado na nguvu, na tangu dalili ya kwanza isizidi miaka miwili. Pumzi baba alikuwa nayo. Ila tangu mhuri ulipomponyoka ilikuwa imepita miaka miwili na miezi mitano.

Basi alifanya alichokijua. Kwa maneno aliyoyavuta moja moja, na binti akiyaandika, alituma ujumbe kwa mwenzake wa zamani, Bi Mihuri, aliyekalia dirisha lake sasa. Ukurasa wa kwanza wa faili lake uchomolewe, uandikwe mwingine wenye tarehe ya karibu zaidi, uchakazwe kidogo kwa chai ya rangi, kamba ifungwe kama ilivyokuwa. Bi Mihuri hakuuliza swali. Kazi hiyo alifundishwa na yeye.

Walipotoka chooni, kwenye benchi la korido ya hospitali kuu walimkuta mwanamke wa makamo mwenye fimbo, miguu yake ameinyoosha mbele kama mizigo. Alimtazama mzee, akatazama tena.

"Samahani. Wewe si Mzee Kesho wa dirisha la pili?"

Karani alishusha macho.

"Ndiye," binti akasema. "Shikamoo mama. Kusema kunamsumbua."

"Marahaba mwanangu. Mimi Mwalimu, wa shule ya pale juu sokoni." Akacheka, kicheko kisicho na kisu ndani yake. "Nimekuja dirishani kwako mara saba, mzee wangu. Njia ile naijua mpaka mashimo yake. Kumbe na wewe umepatwa na haya haya! Ugonjwa hauna adabu."

Karani hakuukumbuka uso wa Mwalimu, kwa kuwa hakuwahi kuuinulia macho. Alilikumbuka faili. Jalada la waridi, rufaa ya kwenda kwa bingwa. Bingwa alikuja wilayani siku moja kwa mwezi na kuona watu ishirini, wala si ishirini na moja. Mkuu wa masjala alikuwa akileta majina yake manne au matano, wakwe na shemeji za wakubwa, na waliobaki waligombania kilichobaki. Mwenye chochote mkononi alipita. Aliyekuja na salamu tupu, faili lake lilishushwa rafu ya chini kabisa, ile waliyoiita kitandani. Huko ndiko lililala jalada la waridi, kwa miezi mitatu, chini ya themosi yake ya chai.

Aliona haya. Si ile haya ya chooni, ambayo alikuwa ameanza kuizoea. Hii ilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, naye hakuwa na mikono ya kujifunikia uso.

Mwalimu aliitwa kwanza. Mlango wa chumba cha utafiti haukuwa na kitasa, ulibaki nusu wazi, na kila neno likawafikia.

"Imebaki nafasi moja tu, Mwalimu," alisema sista. "Niambie, dalili ya kwanza uliiona lini?"

"Siku ya kwanza ya mitihani, mwaka juzi. Nilikuwa nimebeba karatasi za wanafunzi, nikaanguka kwenye ngazi. Mguu ulikataa kunyanyuka." Akataja na tarehe.

Vibonye vya kompyuta vilisikika.

"Fikiria vizuri. Watu husahau."

"Sisahau. Karatasi ya hesabu ilichanika, nikaibandika kwa gundi."

"Mwalimu, nakuuliza tena, taratibu. Una uhakika haikuwa baada ya hapo? Miezi miwili baadaye, tuseme?"

"Nina uhakika, sista. Kwani kuna nini?"

Sista alishusha pumzi. "Umezidisha wiki sita. Mashine inakataa yenyewe."

"Wiki sita? Faili langu tu lilikaa wilayani miezi mitatu! Ningemwona bingwa mapema, ningekuwa hapa tangu mwanzo."

"Najua. Ila mashine haihesabu siku za faili, inahesabu za ugonjwa."

Mwalimu alitoka polepole, akakaa palepale alipokuwa amekaa. Alisema usafiri wake ungemfuata saa tisa, kwa hiyo angengoja. Hakulia. Alifungua mkoba, akatafuta kitu, akaufunga bila kukitoa.

Zamu ya karani ilipofika, sista alifungua faili, akausoma ukurasa wa kwanza wenye madoa ya chai. Mwaka mmoja na miezi kumi. Mashine ikakubali. Wakampulizisha kwenye bomba, akapuliza kwa nguvu zote alizobakiza, kwa aibu na kwa kutaka kuishi, na mashine ikakubali tena. Binti alimshika bega.

"Sikilizeni vizuri," alisema sista. "Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa. Nusu wanapewa maji ya sukari ili tulinganishe, chupa ile ile, rangi ile ile. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Mnaelewa?"

"Tunaelewa," akajibu binti.

"Haya, asaini. Hawezi? Basi ataweka dole gumba, na shahidi asiye ndugu atasaini pembeni. Wewe ni mwanawe, hufai. Na sisi wafanyakazi hatufai." Sista akachungulia koridoni, ambako watu wote walikuwa wameshatawanyika kwenda kula. "Mwalimu! Samahani. Unaweza kutusaidia dakika moja?"

Mwalimu alikuja na fimbo yake. Mikono yake ilikuwa mizima bado. Aliketi, akavaa miwani, na kwa kuwa ni mwalimu hakusaini asichokisoma. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari: "Nathibitisha kwamba mgonjwa ameelezwa yote, na kwamba taarifa alizotoa ni za kweli."

Hapo karani akafungua kinywa. Alitaka kusema, tarehe hii si yangu. Alitaka kusema, faili lako nilililaza mimi. Alisukuma kila neno kwa tumbo lake lote, mara moja, mara mbili, na kilichotoka kilikuwa mvumo wa puani na uzi wa mate hadi kwenye kola.

"Anasemaje?" aliuliza Mwalimu.

Binti alikuwa ulimi wake kwa nusu mwaka; akimwagiza chumvi alimletea chumvi, akimwagiza maji alimletea maji. Alimtazama baba yake machoni, na karani akaona kwamba amemwelewa, neno kwa neno.

"Anasema asante sana, Mwalimu," alisema binti. "Anakuombea kwa Mungu."

Karani alijaribu kutikisa kichwa kukataa. Shingo haikuweza, kichwa kikamwangukia kifuani, na wote wakadhani ameinama kwa shukrani.

"Usijali, mzee wangu," Mwalimu alisema, sauti imemlegea kidogo. "Angalau mmoja wetu kapata." Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, akauliza leo tarehe ngapi, akaiandika nayo. Kisha yeye mwenyewe akalishika dole gumba la karani, akalibonyeza kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi mpaka mistari yote ikaonekana.

Sista alitoka na karatasi, binti akamfuata kuchukua chupa ya kwanza. Wakabaki wawili. Mwalimu aliona wino unataka kuchafua shati jeupe la mgonjwa, akatoa leso yake, akaulaza mkono wa karani juu ya paja lake mwenyewe, akaanza kulifuta dole lile.

"Wino huu mbishi," alisema, akatemea leso mate kidogo, akaendelea kusugua.